Wimbo wa Mtu wa Muhuru

Nicanor Obura alikuwa fundi cherehani wa kuheshimika pale Migori, na heshima yake ingebaki nzima kama asingesikia okestra redioni Jumapili moja. Kesho yake alikuja kinuni kwangu, ninaposaga mahindi ya watu, akasimama katikati ya vumbi la unga na kunitangazia kwamba Migori nayo itakuwa na okestra. Nikamuuliza vyombo vitatoka wapi. Akanitazama juu mpaka chini kama anayepima suti.

"Javan, si wewe uko na tarumbeta?"

Kweli nilikuwa nalo. Nililipuliza ujanani katika bendi ya kanisa, nikalitundika ukutani nilipooa, na mke wangu alikuwa ameniomba kwa upole lisiteremke tena. Likateremka. Werema, Mkuria wa upande wa Isebania, alileta litungu lake la nyuzi nane. Mwalimu mmoja alileta kodioni iliyovuja hewa. Kanisa lilituazima kinanda cha betri, na waimbaji walikuwa sita, wakiongozwa na Benta, mke wa Nicanor. Hiyo ndiyo ilikuwa okestra yetu. Nicanor alituongoza kwa rula ya kukatia nguo, na alipopandwa na hisia aliyekaa karibu alichapwa nayo.

Mwaka wetu wa kwanza tulienda kwenye tamasha la kwaya Homa Bay, ambako ni nyumbani kwao Benta. Wimbo ulikuwa mrefu. Katikati watu wakapiga makofi ili tumalize, waende kula. Nicanor akadhani wamependezwa, akainua rula, akaturudisha mwanzo. Mashemeji zake walikuwa wamekaa safu ya pili. Nilimwona mmoja akijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

Aibu mbele ya wakwe si aibu ya kufuta kwa kitambaa. Mwaka mzima Nicanor hakukanyaga Homa Bay. Na tamasha lilipokaribia tena, mwaka wa tisini na nne, alikuwa na wimbo mpya, wa kushukuru mvua. Sauti ya wimbo huo ilitoka kwa Benta akifua nguo, akiimba peke yake bila kujua anasikilizwa. Nicanor aliidaka, akaivalisha kinanda, juu yake kodioni, juu yake litungu, juu yake waimbaji watano, na juu ya vyote tarumbeta langu, ambalo nakiri lilikuwa zuri sana. Kisha hofu ikamshika. Alitaka mtu mmoja tu amwambie ukweli kabla ya Homa Bay: huu wimbo unafaa, au anakwenda kujiaibisha tena?

Tukaurekodi kanisani kwa redio kaseti, naye akawa anaucheza dukani kwake kila mteja anapoingia. "Nipe maoni," anasema, "usinionee haya." Lakini nani atamkosoa mtu aliyeshika suruali yako na mkasi? Wote walimwambia, "Fundi, umejaribu." Diwani alilia machozi, ila alikuwa anasubiri koti la harusi. Mama mmoja wa Muhuru Bay, aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, nje ya duka, ndiye peke yake aliyesema lake. "Tangu uanze kucheza hiyo kitu," alisema, "paka hazijakaribia omena yangu." Nicanor alilichukua kama sifa, akanihadithia mara mbili.

Benta ndiye aliyechoka. "Unajua mwenye kukuambia ukweli," akamwambia.

Nicanor alijua, na mimi nilijua. Mama Milka, mama yake Benta, aliongoza kwaya Homa Bay kwa miaka mingi, na aliwahi kuusimamisha wimbo siku ya Krismasi ili kumtoa mtu wa besi nje. Sikio lake halikudanganyika. Taabu ni kwamba alikuwa mama mkwe, na kwetu Wajaluo mama mkwe hachezewi. Mkwe haketi naye chumba kimoja kupiga soga, wala hali mbele yake, wala hambishii. Naye mama mkwe hawezi kumwambia mkwewe kwamba kazi yake ni mbaya. Afadhali aumeze ukweli umkwame. Nicanor akimpelekea kaseti, atasifiwa mpaka alie, na hatakuwa amejua lolote.

"Basi tutasema ni wimbo ya mtu wa Muhuru," Benta akasema.

Tukaenda siku ya Jumapili. Mimi nilikwenda kwa sababu mtu haendi ukweni peke yake, na kwa sababu nilitaka kusikia tarumbeta langu likisifiwa. Tulikaribishwa nyumba kubwa, tukaketi wima kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma. Mama Milka alitusalimu kutoka mlangoni, macho chini, akaenda zake jikoni, nyumba ndogo ng'ambo ya ua. Benta akamfuata na redio kaseti kifuani. Dirisha letu lilikuwa wazi, na la jikoni pia. Mama aliyezoea kuisemesha kwaya ya watu arobaini hajui kunong'ona.

Kinanda kikaanza, kikafuatwa na kodioni. Mara tukasikia, "Nani anakanyaga bata?"

Benta akauvuka ua, akasimama mbele yetu kwa adabu zake zote. "Mama anasema mwanzo ni tamu, ila kodioni ikae mbali kidogo."

Nicanor akaitikia kwa kichwa. Sote tulijifanya viziwi. Benta akarudi. Zamu yangu ikafika, tarumbeta likapaa, na moyo wangu nao ukapaa.

"Na huyu!" Sauti ya Mama Milka ikatufikia kabla sijamaliza kutabasamu. "Huyu aliitwa, ama alikuwa anapita tu njia?"

Benta akavuka tena. Hakuthubutu kunitazama. "Mama anasema tarumbeta ina nguvu."

Niliumia, sifichi. Nilitaka kumjibu mama yule mambo mawili matatu, lakini mimi nilikuwa nimemsindikiza mkwe, kwa hiyo adabu yake ilikuwa adabu yangu. Nikainywa chai tuliyoandaliwa ikiwa ya moto vile vile.

Baada ya hapo kukawa kimya jikoni. Wimbo ulikuwa umefika pale Benta anapoimba peke yake, au pale panapodaiwa anaimba peke yake, maana hapo ndipo Nicanor alipokuwa ametuita sote tumsaidie. Nikachungulia dirishani. Ng'ombe alikuwa ameingia kwenye mahindi, na Mama Milka alishatoka jikoni na fimbo. Nilimwona waziwazi kule shambani, akimsema ng'ombe yule kama alivyonisema mimi. Nicanor naye alikuwa akitazama huko huko. Kaseti ikaendelea kuziimbia sufuria mpaka ikakatika.

Benta akauvuka ua mara ya tatu. Safari hii hakuinama. Alisimama katikati ya chumba, mikono imeshika leso kiunoni.

"Mama anasema," akaanza, akaikaza leso. "Mama anasema kuna mwanamke hapo ndani anaimba. Sauti ni yake, wimbo ni yake. Lakini huyo mtu wa Muhuru amemrundikia vyombo mpaka hasikiki. Mama anasema hata nyumbani pengine hasikiki. Amwache aimbe."

Nje, kule kwenye mahindi, tulisikia fimbo na "Toka! Toka wewe!" ya Mama Milka. Benta aliisikia. Alijua tumeisikia. Hakubadilisha hata neno moja.

Ningemwona Nicanor akibisha, ningeelewa. Alikuwa mtu wa kubisha, alibishana na wateja kuhusu miguu yao wenyewe. Lakini neno limeletwa kwa jina la mama mkwe, na neno la mama mkwe halibishwi. Akaitazama rula yake, maana alikuwa ameibeba hata ukweni. Akamtazama mkewe kwa muda mrefu. Nilimwonea huruma, na nilimwonea Benta fahari, vyote pamoja.

"Mwambie mama," akasema polepole, "mtu wa Muhuru amesikia."

Tamasha likafika. Kodioni ilibaki Migori. Kinanda kilibaki na betri zake. Werema alikaa chini na litungu, akaligusa taratibu. Waimbaji watano waliitikia kwa chini chini tu. Mimi, kwa kunionea huruma, niliachiwa sauti moja, ya mwisho kabisa, na niliisubiri kwa hamu nikiwa nimelisugua tarumbeta mpaka likang'aa.

Benta akaimba. Nilikuwa nimefanya mazoezi na mwanamke yule miaka miwili na sikuwa nimewahi kumsikia. Nasema kweli. Watoto waliokuwa wakikimbia nje walikuja kusimama mlangoni. Nicanor aliiweka rula chini kwenye sakafu, akabaki amesimama mikono mitupu kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Sauti yangu ya mwisho ilipofika, nikaliangalia tarumbeta, nikaliacha mapajani. Mke wangu, aliyekuwa amekuja kuniona nikiaibika, aliniambia baadaye kwamba siku hiyo nilipuliza vizuri kuliko siku zote.

Makofi yalichelewa, halafu yakaja kwa wingi. Mama Milka alikuwa safu ya wanawake, ameinamisha kichwa, na sikuweza kuona uso wake.

Jioni tulikaa nje ya kanisa, Nicanor nami, tukila mahindi ya kuchoma. Kwa mbali, Benta alikuwa anaagana na mama yake. Mashemeji walishapita mmoja mmoja kumpa Nicanor mkono, lakini yeye alisubiri maoni ya mmoja tu. Benta akaja, akaketi kando yake, akamega mahindi yake.

"Mama anasema mwambie mtu wa Muhuru, mwanamke wake amesikika. Na mwaka ujao amshonee mwanamke sketi mpya ya kuimbia."

Nicanor akatafuna. Akameza. Akamgeukia.

"Ni mama amesema, ama ni wewe?"

Benta akacheka mpaka punje za mahindi zikamwanguka mkononi.

"Si uende umuulize," akasema.