Kunde za Mama Nilizozivundika

Mwaka mama alipovunjika nyonga, kunde zake zilikuwa bado shambani. Aliteleza kwenye tuta la jaruba la mpunga, hapa kwetu Bujonde, na tangu siku hiyo alilala chumba cha nyuma akiuliza mambo mawili tu: kama nimekula, na kama kunde zimeanza kulia.

Kulia ndicho kilikuwa kipimo chake. Ganda likikauka sawasawa, ukilitikisa sikioni unasikia punje zikigonga ndani. "Lisipolia, liache," alikuwa akisema. Mbegu ile, punje ndogo nyekundu zenye jicho jeusi, aliipata kwa mama yake, na kila mwaka alitenga kibuyu kimoja cha kupanda. Majirani walishaiacha, wakapanda kakao mpaka mlangoni. Kwa nilivyojua, iliyobaki ilikuwa yake peke yake.

Mimi ni mtu wa kakao, na nilikuwa najisikia. Kakao yangu ilipofika kwenye chama cha ushirika, watu waliinusa na kuniuliza nimeivundika siku ngapi.

Mei hiyo mvua haikukatika. Shambani nilikuta maganda machache makavu, mengi ya njano, mengine mabichi kabisa. Mama aliniagiza nichume yaliyokauka tu, hata kama ni kikapu kimoja kwa siku, niyaanike barazani kwenye mkeka, penye upepo, nisiyapige fimbo. Nikamwitikia, "Sawa, mama," kisha nikang'oa shamba zima siku moja. Nilijiambia sina muda wa kuchuma ganda moja moja. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kuagizwa na mtu aliyelala.

Yale maganda nikayarundika, nikayafunika kwa majani ya mgomba kama ninavyofanya kakao, yaive kwa pamoja. Siku ya tatu niliingiza mkono ndani ya rundo, joto lake likaniridhisha. Jua lilipochomoza nikayatandaza juu ya bati, yakakauka siku hiyo hiyo, nikayapura. Punje nyingine zilikunjamana, hizo nikazitupia kuku. Zilizobaki ziling'aa, nikampelekea mama bakuli.

Alizinusa. Akatia moja mdomoni, akaitafuna taratibu.

"Ulizianika wapi?"

"Barazani, mama."

"Ndaga," alisema, ndiyo asante ya kwetu, akageukia ukutani.

Mpunga ulipokatwa nilizipanda zote kwenye majaruba, udongo ukiwa bado na unyevu. Siku ya tano hakukuwa na kitu. Siku ya kumi ilichomoza miche ya kuhesabu, majani yamejikunja, ikaanguka yenyewe. Nikafukua kwa kidole nikakuta punje zimelainika na zinanuka kama pombe iliyochacha. Nilichuchumaa pale nikajichukia. Maana jambo hilo nalijua tangu utoto: kakao tunaivundika ili kiini kife, isije ikaota. Miaka yote nimekuwa nikiua mbegu na kusifiwa, halafu nikazifanyia kunde za mama vile vile.

Nilimwambia mama zimeota. Alifurahi mno, nikashindwa kurudi nyuma. Kila alipouliza nilimkuzia shamba kwa maneno. Zimetambaa. Zimetoa maua. Ndege wanazisumbua. Nilikuwa natoka chumbani mle nikiona aibu, na kesho yake naongeza mengine.

Septemba hakuweza tena kukaa bila kuegemezwa mto. Akaomba kunde za shamba lake. Nikaenda Njisi, mpakani, kwa mwanamke anayevusha bidhaa kutoka Malawi, nikachagua nyekundu zilizofanana nazo, nikaziunga kwa karanga.

Mama alikula vijiko vitatu, akaweka kijiko pembeni.

"Tamu," alisema. "Umenunua wapi?"

Nikamweleza yote, rundo, majani ya mgomba, bati.

"Siku ile nilipotafuna nilijua zimekufa," alisema. "Ukaja ukasema zimeota, nikakuamini wewe kuliko meno yangu."

"Nisamehe, mama."

"Mama yako mdogo wa Mwaya alikuwa na kopo moja la mbegu ile, nilimpa mimi. Wiki iliyopita alipokuja kuniona aliniuliza kama anitunzie. Nikamwambia apikie watoto tu, shamba letu limezaa."