Salamu za Gari la Moshi

Marehemu baba yangu alikuwa na rafiki mmoja ambaye hakumjua jina wala hakupata kuzungumza naye: dereva wa gari la moshi lililopita mbele ya nyumba yetu, mjini Unguja. Na mimi, mwanawe wa pekee wa kiume, niliyejiona nimesoma, ndiye niliyewatenganisha kwa barua ya kurasa mbili. Nimeshakuwa mzee sasa, na bado nikiikumbuka siku ile mwili wote hunisisimka.

Reli yenyewe ilitushtua tangu mwanzo. Njia yetu ilikuwa nyembamba hata punda wawili wenye makanda wakikutana ilibidi mmoja arudi nyuma, kwa hiyo tulipoambiwa gari la moshi litapita hapo kwenda Bububu, nilicheka. Wakaja watu, wakalaza vyuma, wakaondoka, na mimi bado nacheka. Siku gari lilipopita mara ya kwanza nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha kahawa. Nilipozinduka, kahawa yote ilikuwa kifuani mwa kanzu yangu. Mabehewa yalipita karibu kiasi kwamba ningeweza kumvua abiria kofia yake, na juu dirishani mama alikuwa akipiga mayowe kama aliyefiwa.

Baba hakupiga mayowe. Alikuwa amekaa barazani, mahali alipokaa kila siku baada ya sala ya alasiri, kwenye kile kikalio kirefu cha mawe na chokaa kilichoshikana na ukuta wa nje wa nyumba. Mashamba yetu ya mikarafuu yalikuwa yameshakwenda kwa watu wengine, na cheo alichobaki nacho ni kile kibaraza. Hapo ndipo alipopokea wageni, hapo ndipo watu walipomletea ugomvi wao awasuluhishe. Magoti yalikuwa yakimsumbua, kwa hiyo alikaa ameinyoosha miguu mbele yake, na nyayo zake zilifika mpaka ukingoni mwa reli.

Nyumba yetu ilikuwa penye kona, na dereva alipofika hapo alipiga filimbi. Baba alitia mkono kifuani, akajibu kwa sauti, "Waalaikumu ssalaam!" Kisha akaikunja miguu, taratibu, mmoja mmoja, na gari likapita.

"Baba," nikamwambia, "ile si salamu. Ile ni filimbi ya kuwafukuza watu njiani."

Akanitazama kama mtoto aliyekosea alifu mbele ya mwalimu. "Wewe umefundishwa nini chuoni? Aliyepanda humsalimu aliyekaa. Huyu kapanda, mie nimekaa, kanisalimu. Kwao labda husalimiana kwa filimbi. Sasa nsimjibu?"

Ikawa ndiyo desturi. Wenzake wa barazani walimtania, "Leo sahibu yako kachelewa," naye akiwaambia wamwache, mtu ana kazi. Mimi niliona haya kidogo, lakini nilizoea. Jambo moja tu sikulitia akilini, na laiti ningelitia. Baba hakuwa akikunja miguu kwa sababu ya gari. Gari alilisikia tangu mbali, likitetemesha mpaka vikombe vya kahawa, na hakujishughulisha nalo. Alikunja miguu kwa sababu amesalimiwa. Kwanza salamu, kisha jibu, kisha humpisha mwenziwe. Kumpisha mtu asiyekusalimu ni kujidhalilisha, na baba yangu hakuwa mtu wa kujidhalilisha.

Basi siku moja wakaja watu wawili na kamba ya kupimia. Habari zilikuwa zimeshaenea mjini kwamba reli itaendelezwa kutoka Bububu mpaka Mkokotoni, na kwamba yataletwa mabehewa mapana zaidi. Walipima kona yetu, wakasemezana, kisha mmoja akachukua chokaa na kuchora mstari mweupe juu ya baraza, kutoka mwanzo hadi mwisho. Karibu yote ilikuwa upande wa nje wa mstari.

"Hapa patakatwa," akasema, kama anayezungumzia tawi la mpera.

Baba aliufuata ule mstari kwa macho, kutoka mwanzo hadi mwisho. Baadaye, wale watu walipokwisha kwenda, alinigeukia na uso umemwiva. "Wageni wangu ntawakalisha wapi? Ndani mna watu." Watu aliokusudia ni mama na dada zangu. Mgeni wa kiume hakuingia ndani kwetu, na nyumba isiyo baraza, kwa mtu kama baba, ilikuwa nyumba isiyo na bwana.

Nikamwambia asitie shaka, nitalishughulikia. Nilikuwa karani forodhani, na mwandiko wangu ulikuwa ukisifiwa na kila mtu. Usinione navyoandika sasa kama kuku anayechakura. Enzi zile hata wakubwa wangu waliniazima kuwaandikia barua za posa. Nikakaa na kalamu. Niliandika juu ya baraza, lakini barua ikatoka fupi, nayo nilitaka iwe nzito, iwatishe. Nikaongeza moshi unaochafua nguo zilizoanikwa. Nikaongeza cheche zilizounguza makuti ya jirani. Nikaongeza abiria wanaochungulia madirishani. Na mwisho kabisa, kwa kuwa ukurasa ulikuwa bado una nafasi, nikaongeza filimbi, kwamba inawashtua wagonjwa na wazee. Wazee! Nilikuwa na mzee mmoja tu, naye akiingojea filimbi ile kama mtu anavyongoja chakula. Sijui nilikuwa na akili gani.

Sikumwonyesha baba barua. Nilitaka nimshangaze.

Jibu lilikuja baada ya wiki chache. Ofisi ya reli ilisema shauri la baraza litatazamwa wakati njia itakapoendelezwa. Juu ya moshi na cheche haikusema neno. Ila filimbi, ikasema, tumelikubali ombi lako: madereva wameamrishwa wasiipige tena katika mtaa huo. Nilifurahi. Naapa nilifurahi! Niliona nimeshapata kimoja, na vingine vitafuata. Nikaikunja barua, nikaitia mfukoni, nikarudi nyumbani kumpa baba habari.

Nilikuwa nimefika pembeni mwa njia, kama hatua thelathini kutoka nyumbani, gari liliponipita. Lilikwenda polepole kama kawaida. Nilimwona baba barazani, miguu ameinyoosha, mkono ameshaunyanyua nusu ya njia kuelekea kifuani, anangoja. Nikamwona dereva ameinamia nje, anamtazama baba, naye anangoja. Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake afanye kile alichokifanya kila siku. Nikaelewa yote kwa mara moja. Nilipiga kelele, "Baba, kunja!" Sauti ilitoka ya mtu nisiyemjua.

Ubao wa kupandia abiria ndio uliomkuta.

Nilipofika dereva alikuwa ameshalisimamisha gari na kuruka chini. Alikuwa mtu mzima, ndevu amezitia hina. "Kila siku hukunja," alisema, akitushika mikono sisi sote tuliokuwapo. "Kila siku! Mashahidi watu wote. Kila siku hukunja!"

Baba alikuwa amelala ubavu, uso umegeuka majivu, na mguu wake wa kulia sikuweza kuutazama. Hakuutazama yeye pia. Alikuwa akimtazama dereva, mara ya kwanza wako uso kwa uso.

"Nimekukosea nini," akamwuliza, "hata leo unipite usinisalimu?"

Dereva hakufahamu. Ilibidi mmoja wa wenzake baba wa barazani amweleze, na nilimwona yule mtu akishusha mikono. Machozi yakamtoka. "Nimekatazwa, mzee wangu. Filimbi nimekatazwa mtaa huu. Kuna mtu wa hapa hapa kaandika barua."

"Nani?" akauliza baba.

Barua ilikuwa mfukoni mwangu, nikiisikia kila nilipovuta pumzi. Baba akanigeuzia macho mimi, si kwa kunishuku, bali kwa kuwa mimi ndiye mwanawe niliyekuwa karibu.

"Sijui, baba," nikasema.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Reli haikwenda Mkokotoni. Ilikomea Bububu, na miaka ikapita, na ule mstari wa chokaa ukafutwa na mvua. Baraza yetu ilisalia nzima, haikutolewa hata jiwe moja. Baba hakuikalia tena. Alikaa juu, dirishani, na kila alasiri gari lilipopita kimya aliinamisha uso.

Siku moja akaniita.

"Naam, baba."

"Wewe una mwandiko mzuri. Niandikie barua kwa watu wa reli. Waambie mie ndiye niliyeumia, na mie ndiye ninayeomba: wamrudishie yule bwana filimbi yake. Waambie yule aliyeandika mwanzo wasimsikilize. Ni mtu asiye adabu, hakulelewa."

Nikatia kalamu katika wino, nikaandika neno kwa neno kama alivyosema. Mwandiko ulitoka mzuri, sawasawa na ule wa barua ya kwanza, na karani yeyote wa ofisi ile akiziweka mbili pamoja angejua ni mkono mmoja. Nilipomaliza, baba aliniomba nimsomee tena pale penye mtu asiye adabu.

Nikamsomea.