Kila Neno Lililosemwa Buna

Istahil alijifunza ukalimani kambini Hagadera, katika vyumba vya kuwahoji wakimbizi, ambako sharti lilikuwa moja: lisemwalo chumbani hufasiriwa, liwe dua au tusi. Baadaye alipata kazi ya mkataba katika ofisi moja ya miradi ya serikali huko Buna. Mkataba huo, uliowalisha watoto wake wanne na mama yake mzazi, ulikuwa unakwisha mwezi uleule walipofika wajumbe wa Tanzania na Kongo, chini ya mpango wa nchi za Afrika kukaguana uwazi wa serikali.

Kabla ya kikao cha wajumbe na wananchi, Abdisamad, mkuu wa ofisi, alimvuta kando. "Walaal, ndugu yangu, watu wakiropoka, wewe lainisha. Mkataba wako uko mezani kwangu."

Mfugaji mmoja, Rukiyo, ndiye aliyesimama kwanza. Alieleza kwa Kisomali kwamba kisima kilichotangazwa kuwa kinafanya kazi hakijawahi kutoa maji; kwamba yaliyomo tangini yaliletwa jana kwa lori ili wageni wayaone; na kwamba ngamia wake wawili walifia njiani wakielekea kisima kingine.

"Anasema kisima kina changamoto ndogo," Istahil aliwafasiria wageni kwa Kiswahili.

Rukiyo alimkazia macho. "Abaayo, dada yangu, nimesema mpaka koo limenikauka, nawe umemaliza kabla hujameza mate? Ngamia wangu umewaacha wapi?"

Wanawake walioketi mkekani wakaangua kicheko. Mjumbe wa Tanzania hakucheka. "Dada, wanacheka nini?"

Istahil akayafasiri yote, tangu kisima hadi ngamia wa pili.

Abdisamad alifoka kwa Kisomali: "Wallahi, ukiongeza neno moja, kesho utauza chai sokoni!"

Istahil aliwageukia wageni na, kwa sauti ileile, akasema: "Mkuu wa ofisi anasema, wallahi, nikiongeza neno moja, kesho nitauza chai sokoni."

Mjumbe wa Kongo aliinua kichwa. "Hilo ndilo jibu la serikali?"

"Lete kitambulisho cha ofisi," Abdisamad akamwambia Istahil, mkono ameunyoosha.

Alikivua shingoni, akampa, akaenda kuketi mkekani miongoni mwa wanawake. Mjumbe wa Tanzania akauliza ni nani sasa atakayefasiri. Ndipo Rukiyo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia maziwa tu, alipojitanda upya na kusimama.

"Mimi tasema. Kisima iko kavu. Bomba iko, maji hakuna. Hii dada sasa nasema kweli. Kazi yake rudisha."