Wastani wa Seli Arobaini

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka nasikia uso ukiniwaka moto, ingawa nywele zangu sasa ni nyeupe. Nimeona nikusimulie, mwanangu, kwa sababu nasikia na wewe umeingia kwenye kazi hii ya kuandika maisha ya viumbe kwa milinganyo, na kiburi cha kazi hiyo nakijua vizuri.

Nilikuwa msichana wa Kisesa, nimetoka chuo kikuu na shahada ya hisabati. Kichwa kilinivimba, nakwambia. Nikapokelewa kwenye maabara ndogo ya utafiti hapa Mwanza, nifanye shahada ya pili chini ya Dokta Shirin, mama wa Kihindi aliyezaliwa mjini hapa hapa, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Swali letu lilikuwa hili: seli ya ini la samaki aina ya sato ikipata ujumbe wa homoni, inafanya nini na kalsiamu yake? Maana kalsiamu si ya mifupa na meno tu. Kila seli ina ghala lake dogo ndani ambamo imeifungia. Ujumbe ukifika, milango ya ghala hufunguka, kalsiamu humwagika ndani ya seli, na seli hujua kwamba kuna kazi ya kufanya. Mimi nilitakiwa kuandika milinganyo ya kuonyesha jinsi kalsiamu hiyo inavyobadilika.

Vipimo vilichukuliwa na Magesa, fundi wa maabara, kijana wa rika langu kutoka kando ya ziwa upande wa Mara. Asubuhi alikwenda mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, kununua sato wazima, akawabeba kwenye ndoo ya maji. Akitoa seli za ini, alizitia rangi ambayo hung'aa kalsiamu ikiongezeka, kisha akakaa kwenye hadubini kurekodi mwanga wa kila seli. Alikuwa pia na daftari la shule ambamo aliandika mambo kama "hii inapumua" na "hii leo mvivu." Nilimcheka. Nilimuuliza kama anafuga kuku humo ndani.

Aliniletea rekodi za seli arobaini. Nami nikafanya kile ambacho mtu wa hisabati asiyezijua seli hukifanya bila hata kufikiri: nikazijumlisha zote, nikagawa kwa arobaini, nikapata mstari mmoja laini wa wastani. Ulipanda, ukafika juu, ukatulia. Nikatunga mlinganyo unaopanda na kutulia, nikauweka juu ya ule mstari, ukakaa sawasawa. Siku hiyo hata chakula cha mchana sikukumbuka, kwa furaha.

Jambo moja tu lilinikera. Nikifungua rekodi ya seli moja moja, ule utulivu siuoni. Naona vilima na mabonde, juu chini, juu chini. Basi nikaandika kwenye ripoti kwamba vilima hivyo vimetokana na upimaji usio makini. Upimaji wa nani, kila mtu alijua. Na mkataba wa Magesa ulikuwa unakwisha mwezi ule ule, na kamati ingesoma ripoti yangu kabla ya kuamua kama abaki au aondoke. Hilo nalo nililijua, mwanangu. Sitakuficha.

Alisikia nilichoandika, akaja mezani kwangu.

"Dada Kabula, hizi seli zinawaka na kuzima kweli. Njoo uangalie mwenyewe, dakika kumi tu."

"Namba zako ninazo hapa, Magesa. Niangalie nini tena?"

"Namba umezichanganya zote pamoja. Mimi naomba uone moja."

Nikamwambia nina kazi. Nilikuwa nimekaa maabara ile miezi minne na sijawahi kuweka jicho kwenye hadubini. Niliona hiyo ni shughuli ya mafundi.

Ripoti nikaipeleka kamati. Dokta Shirin alikuwa safarini, na aliporudi akaisoma, akaniita ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kabula, umewahi kuiona seli?"

Nikaanza kumweleza habari za wastani. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa maneno. Kisha, badala ya kunigombeza, akaanza kunisimulia duka la baba yake. Barazani walikaa mafundi cherehani sita. Yeye, akiwa mtoto, alikuwa akichezea nyuma ya duka, na kutoka kule alisikia mlio mmoja usiokatika, asubuhi mpaka jioni. Akaamini cherehani zile hazipumziki. Siku alipokwenda barazani akakuta kila fundi anashona kidogo, anasimama, anageuza kitambaa, anashona tena, na kila mmoja ana mwendo wake.

"Wewe umekaa nyuma ya duka," akasema. "Halafu umeandika kwamba aliyeko barazani hajui anachokiona. Nenda kamwombe Magesa akupishe kiti."

Nikaenda. Magesa alisimama akanipisha. Mwanzoni sikuona kitu, giza tupu. Akazidondoshea seli homoni, akaanza kuhesabu taratibu. Seli moja ikawaka. Ikazima. Nyingine pembeni yake ikawaka wakati ile ya kwanza imezima. Ya kwanza ikawaka tena. Kila moja ilikuwa na saa yake, na nilipozijumlisha, mwako wa hii ulikuwa umeziba giza la ile, nikabaki na utulivu ambao haukuwepo ndani ya seli hata moja. Nilikaa pale kwa zaidi ya saa nzima. Sijui kama umewahi kuona kitu kikakufanya usahau kwamba una aibu.

"Kwa nini zinazima?" nikauliza. "Ghala liko wazi. Kwa nini zizime?"

"Ndilo swali langu la tangu mwaka jana," Magesa akajibu, akacheka.

Tukashika chaki. Tukakisia kwamba kalsiamu kidogo hufungua milango zaidi, lakini ikizidi huifunga, kisha pampu huirudisha ghalani polepole mpaka milango iwe tayari tena. Mlinganyo wangu haukuwa na mlango unaofungwa. Nikamwambia kesho asubuhi naenda kamati kusahihisha ripoti.

"Barua ya kuondoka nimepewa juzi, dada," akasema. Alikuwa anafuta ubao.

Nilikwenda hata hivyo. Nilisimama mbele ya wazee wale nikasema kosa ni langu. Wakanisifu kwa ukweli wangu, wakapokea marekebisho, wakaniambia nafasi imeshapata mtu. Nikarudi nikamaliza shahada yangu kwa rekodi zile zile za Magesa.

Baadaye nilimfuata kwao, kijiji kimoja karibu na Musoma. Nilimkuta shambani kwenye mihogo. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi njia nzima, lakini hakunipa nafasi. Salamu ilipokwisha tu akaniuliza, "Ukiongeza homoni, zinawaka kwa nguvu zaidi, au zinawaka haraka haraka?" Swali hilo lilinichukua mwaka mzima, na yeye alikuwa nalo akilini akipanda mihogo. Nikamwambia zinawaka haraka haraka. Akatabasamu, akaangalia ziwani. Nililia pale pale, wala sikuona haya.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu: kabla hujajumlisha, kaa na kimoja. Mlinganyo wako ukigombana na macho ya mtu, anza kwa kwenda kuangalia anachokiangalia yeye, na usiandike jina la mtu mahali pa kosa kwa sababu tu hesabu yako imependeza. Kosa la hesabu nililisahihisha kwa siku moja. Lile nililomtendea Magesa nimeshindwa kulisahihisha mpaka leo. Na anayekuita dakika kumi, nenda, hata kama huna muda, kwa sababu huenda swali analolijua yeye bado hujalifikia.

Mungu akujalie macho yasiyochoka kushangaa. Akupe watu wa kukubishia, na akupe miguu ya kuwafuata kabla barua haijaandikwa.