Mzigo wa Neema Ulifika Kabla Yangu

Cheka ukipenda, lakini haya yamenikuta mimi, mchana kweupe, mtaa wa Berea hapa Johannesburg, ghorofa ya sita. Sikuwa nimelala, na pombe sinywi.

Nilipata nafasi ya kusoma chuo kikuu Strasbourg, ule mji wa kale wa Ufaransa. Jirani yangu Mama Neema, Mkongo anayesuka nywele mtaa wa jirani wa Kensington, akaniletea mzigo wa bintiye anayesoma hukohuko. Ndagala tu, yaani dagaa wakavu. "Umuletee Neema, baba. Ule mutoto iko na hamu ya chakula ya kwetu." Nikaufunga kwa kamba ya kiatu changu, ya kijani.

Siku moja kabla ya safari, mlango ukagongwa. Neema! Namjua kwa picha iliyoko ukutani kwa mamake. Koti lake lilikuwa linachuruzika maji, na Agosti hapa Johannesburg hakidondoki hata kitone. "Nimekuja kuchukua mzigo, kaka." Nikampa. Ningefanyaje? Nilidhani amekuja likizo.

Jioni nikamtania mamake kwamba binti kaja na hajatuambia. Akanitazama, kisha akanionyesha kwenye simu picha aliyotumiwa na Neema. Mzigo ulikuwa juu ya meza yake, Strasbourg, umefungwa kwa kamba yangu ya kijani.

"Neema anasema ni weye mwenyewe ulimuletea leo," akasema. "Mulikunywa na chai. Eish, baba, sasa hapa umefika namna gani?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Mimi nilikwenda kujifungia. Kesho yake ndege ikaondoka nimeketi kitandani, begi miguuni. Niliogopa kumkuta kule huyo mtu mwenye sura yangu.

Woga huo ndio ulioniponza. Juni iliyofuata chuo kikaniletea barua pepe: nimefaulu mwaka wa kwanza. Jina langu, picha yangu, kila kitu changu. Nikampigia mama yangu aliyeko Tanga nimweleze kwamba sijawahi kutoka Johannesburg. Akacheka.

"Si ulinipigia jana kutoka huko Ulaya, mwanangu? Tena jana ulikuwa mchangamfu. Leo una nini?"

Nikakata simu. Kila asubuhi naenda Randburg kulinda geti la ofisi za watu, na kiatu kimoja hakina kamba. Niamini nikikwambia: mzigo wa mtu mkabidhi kule ulikotumwa, si mlangoni kwako. Na ukiitiwa safari, nenda hata kwa kutambaa. Usipokwenda, kiti chako kitapata wa kukikalia, na mama yako atampenda.