Nyundo ya Ami Fumo yalia tena Chula

Saa mbili asubuhi, kisiwani Chula, pwani ya kusini mwa Somalia. Chombo kikongwe cha baharini kimelazwa ubavu mchangani, mianya ya mbao zake wazi. Wanaume sita wamechuchumaa kando yake, kila mmoja na pamba yake ya kuzibia mianya, kalafati. Nyundo zao bado zimelala mchangani.

Bi Zakiya Abdulmalik, mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia kutoka Kismayo, amekaa nao papo hapo, buibui lake limejaa mchanga. Hatulii. Anamtazama mtu mmoja tu: Ami Fumo.

Fundi huyu hajashika nyundo tangu mwaka 1991. Siku wenye bunduki walipovamia kisiwa, alikuwa akigonga kalafati, na nyundo yake ikafunika milio ya mwanzo ya risasi. Alipoinua kichwa, kaka yake alikuwa chini, amepigwa risasi. Tangu hapo, nyundo ikilia popote, huinuka akaenda zake.

"Mchu mzima nakimbia nyundo!" asema kwa Kibajuni chake, yaani mtu mzima. Ameridhia habari zake ziandikwe. "Nikadhani nimeingiwa na wazimu."

Zakiya anayajua hayo kutoka nyumbani kwao. Alibebwa mgongoni hadi kambi ya wakimbizi Mombasa, akakulia humo, na mamake mpaka leo hushtuka mlango ukibamizwa. Hilo ndilo lililomsukuma kusomea kazi hii, kisha akarudi.

Anapomhudumia mtu peke yake, hutembea naye ufuoni polepole. Yeye na Ami Fumo walianzia mbali, nyundo za mafundi zikisikika kwa shida, akimfundisha kuvuta pumzi na kutaja anachokiona. Kila wiki wakasogea kidogo.

"Simburuti mtu," asema. "Akisema basi, twasimama."

Tiba ya kundi ndiyo iliyomtoa jasho. Mara ya kwanza aliwapangia wanaume viti kwa duara, akawaandalia kahawa na halua. Wakaja na kanzu zao safi, wakala, wakasoma Fatiha, kisha Ami Fumo akauliza, "Haya, bwana harusi yuko wapi?"

"Walidhani ni posa yangu!" Zakiya anacheka hadi machozi. "Jirani yangu Lubna akanipigia simu kunipongeza!"

Akaachana na viti. Akagundua kwamba mikono ikiwa kazini na macho yakiwa kwenye mbao, maneno hutoka yenyewe. Leo Mahmudi, mvuvi, amesimulia jinsi alivyopotezana na wazazi wake, na hakuna aliyemkodolea macho.

Ghafla mazungumzo yanakatika. Ami Fumo ameokota nyundo.

Anavuta pumzi. "Naona mbao. Naona pamba. Nawaona nyinyi mnavyonitazama, kwani mimi biarusi?"

Ko!

Zakiya ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Ami Fumo anavuta pumzi tena.

Ko! Ko! Ko!

"Piga, Ami!" Mahmudi anapaza sauti. "Posa imekubaliwa!" Kicheko kinalipuka, na nyundo zote sita zinalia pamoja.

Chombo kikikamilika, Zakiya anataka kukipanda kwenda visiwa vya Koyama na Kudha, aanzishe makundi kama hili. Ami Fumo ameshajichagulia nafasi chomboni.

"Huko nyundo ya kwanza napiga mimi," asema, bila kuinua macho kutoka kwenye mwanya wake. "Na halua usisahau, mwanangu."