Kisogo cha Baba

Msinicheke. Nina miaka arobaini na kitu, nimesoma hadi sekondari, na tembo sinywi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, alasiri, jua linawaka, katika ile nyumba ya Wajerumani njia ya Chang'ombe ambayo Waingereza wameitunza na kuweka ndani vitu vya zamani.

Miguu yangu haitulii. Kila nikipata nafasi huzurura nikitafuta chochote cha enzi za utoto wangu, na sababu ni baba. Wajerumani walimchukua kubeba mizigo ya vita nikiwa mdogo. Hakurudi, wala habari hatukupata. Shehe alimshauri mama mara ngapi tumsomee hitima? Mama hakutaka kusikia. "Nani kamwona amekufa?" aliuliza. Akawa si mke, si mjane, miaka thelathini na zaidi.

Basi nikaingia. Bawabu alikuwa mlangoni anasuka ukili. Ndani nikakuta sanduku la risasi limening'inizwa kwenye mti wa kubebea, vile lilivyobebwa. Nikasikia mtu nyuma yangu. Kijana wa miaka ishirini na tano hivi, shuka kiunoni. Nikangoja anisalimie.

"Hunipi shikamoo?" akaniuliza yeye.

"Wewe? Mie na mvi zangu hizi?"

"Mvi si kitu. Mie mkubwa kwako, mwanangu. Toa."

Sijui kwa nini, lakini niamini, nikatoa. Akaitikia marahaba kwa raha zake, kama mzee wa mtaa.

"Kisogo hicho nakijua," akasema. "Sanduku hili tulilibeba wawili, baba yako mbele, mie nyuma. Sura yake siikumbuki vizuri, lakini kisogo nilikitazama miezi mitatu!" Akacheka. Kisha akasema taratibu, "Alikufa kwa kuhara, ng'ambo ya Rufiji. Tulimswalia. Sanda hatukuwa nayo. Tulimfunika uso kwa kipande alichokata kwenye kanga ya mama yako bila kumwambia. Alisema aombewe radhi."

Nikainama kufuta machozi. Nilipoinua uso, hakuna mtu. Mlango ni ule mmoja tu, na bawabu hajaondoka.

"Umeingia peke yako, bwana," akaniambia. "Nilikusikia unaongea, nikaona nisikusumbue."

Nilikwenda Temeke kwa mama, nusura nikimbie. Nilipotaja kanga, akaweka ungo chini.

"Kumbe ni yeye! Na mie nimemnunia jirani yangu Bi Mwanaisha miaka yote hii, nikidhani ndiye aliyeikata!"

Akacheka, halafu akalia kilio ambacho sijapata kumsikia akilia. Shehe alisema eda ilishapita zamani. Mama akavaa nyeupe, akakaa eda hivyo hivyo. Hitima tukaisoma, na pilau alipika Bi Mwanaisha.

Siku hizi mlango ukigongwa mama hashtuki. Anasema tu, "Karibu." Kwa hilo namshukuru kijana yule kila nikiswali, lakini namwombea bila jina, kwa sababu katika mshangao wangu sikumuuliza. Hilo linaniuma hadi leo. Kwa hiyo nawe, ukikutana na mtu kama yeye, usikimbie, wala usimalize maneno yote kwa habari za kwenu. Muulize anaitwa nani, mtoto wa nani, wa wapi. Huenda kwao nao bado wanamngoja.